Negativu Ibaki Nyeri

Kila nikienda kwa shosho wangu kule Tetu, hata kabla sijakaa, huniuliza swali moja. Huuliza kwa Kikuyu, lakini kwa Kiswahili ni kama hivi: "Wale watu walionipiga picha nikichuma kahawa, walienda kuiosha na maji ya wapi ndiyo hawajarudi?"

Sina jibu. Huwa nakunywa chai na kunyamaza.

Picha anayoulizia ni filamu ya Super 8, roli moja ya mita 15, dakika tatu na sekunde chache ukiizungusha kwa fremu 18 kwa sekunde. Niliipiga mwenyewe Julai mwaka jana, kwenye warsha ya siku nne katika ukumbi wa kanisa moja mjini Nyeri. Ilikuwa ya bure. Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi wa hapa mjini, wawili wa Karatina, na dada mmoja aliyekuwa akidandia matatu ya alfajiri kutoka Nanyuki kila siku. Walimu walikuwa watatu, mmoja wa Nairobi na wawili wa Ulaya. Bango la mlangoni lilisema tutajifunza kupiga filamu kwa kamera za zamani na kuiosha kwa njia rafiki kwa mazingira, yaani kwa kahawa.

Niseme mapema nisije nikaitwa mtu wa kinyongo: warsha yenyewe ilikuwa tamu. Choo cha ukumbi tulikigeuza chumba cha giza, blanketi tatu mlangoni na taulo chini. Ndoo zikapangwa mstari. Kwa kila lita ya maji, gramu 54 za magadi ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya kopo, ile ya kuyeyuka. Maji yawe nyuzi 20, na kwa baridi ya Julai ya Nyeri ilibidi tuwashe birika ndiyo tuyafikishe hapo. Unaingia gizani, unafungua roli kwa vidole, unautumbukiza mkanda wote kwenye ndoo kama spageti, na kwa dakika 15 unaukoroga polepole huku mwenzako akihesabu kwa sauti. Harufu? Mama aliyekuwa akipanga viti vya ibada alituuliza nani amechoma uji.

Halafu mkanda ukatoka kwenye dawa ya mwisho, nikauinua mbele ya dirisha, na shosho alikuwa pale. Mdogo kuliko ukucha wa kidole changu kidogo. Kitambaa chake cheupe kimekuwa cheusi, kivuli cha mbuni kimekuwa cheupe, mkono wake uko katikati ya tawi na kikapu. Nimepiga mamia ya video za simu na hakuna hata moja iliyowahi kunifanya nishushe pumzi hivyo. Tukaianika mikanda kwenye kamba ya nguo, ukumbi mzima ukawa kama boma lenye mtoto mchanga.

Siku ya nne wageni waliikunja, wakaitia kwenye kasha, wakaondoka nayo. Walisema wanaenda kuiskani, na sikatai, skana ya Super 8 hapa hatukuwa nayo. Wiki sita baadaye ikaja barua pepe yenye linki. Nilikuwa sina bando. Nilipoifungua siku ya nane linki ilikuwa imekufa, kwani ni zile zinazoishi siku saba. Niliandika mara tatu. Nikajibiwa mara moja, kwa upole sana, kwamba mikanda yetu "iko salama kwenye hifadhi" na kwamba filamu fupi iliyotokana na warsha inazunguka kwenye matamasha. Shosho hajawahi kuvuka Thika. Sasa anatembea Ulaya bila pasipoti, na nyumbani hana hata fremu moja ya kuonyesha jirani.

Ndiyo, tulitia sahihi. Ruhusa ilikuwa ukurasa wa tatu wa fomu, na mimi ninayejiita mwandishi niliuruka kwa sababu nilikuwa nimekwama ukurasa wa kwanza, pale penye "kiwango cha elimu". Niliacha chuo mwaka wa tatu na hakukuwa na kisanduku cha hiyo. Kwa hivyo kosa la kutosoma ni langu. Lakini fomu iliyoandikwa na mtu anayejua kila negativu itaenda wapi, na kusainiwa na watu walioona negativu kwa mara ya kwanza siku mbili baadaye, hiyo msiniambie ni makubaliano.

Hoja yangu ni moja. Filamu ikipigwa hapa na kuoshwa hapa, negativu ikaondoka, hiyo si warsha ya jamii hata ikioshwa kwa maziwa ya mama. Ni uchimbaji. Na sisi wa huku tulipaswa kuutambua uchimbaji haraka kuliko mtu yeyote, maana tunalima kahawa.

Hebu kwanza tulioshe hilo neno "rafiki kwa mazingira" tuone litatoa maji ya rangi gani. Kuosha filamu kwa kahawa ni jambo la kweli. Ilianza mwaka 1995 pale Rochester, Marekani, mji wa Kodak, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake wa chuo cha teknolojia walipogundua kwamba asidi zilizomo kwenye kahawa zinaweza kufanya kazi ya dawa za dukani. Kahawa na vitamini C ndizo zinazoigeuza chumvi ya fedha iliyopigwa na mwanga iwe fedha nyeusi, na magadi yanaamsha hiyo kazi. Safi. Ila hiyo ni ndoo ya kwanza. Picha ikishatokea lazima ukaiingize kwenye dawa ya kukazia, ile wapiga picha wa zamani huita haipo, ili iondoe chumvi ya fedha ambayo haikupigwa na mwanga. Usipofanya hivyo mkanda wote utakuwa mweusi ukiutoa juani. Kwa hiyo haipo ikimaliza kazi imebeba fedha iliyoyeyuka, na fedha hiyo ndiyo sumu kwa samaki na vijidudu vya mtoni. Kahawa ndiyo iliyopigwa picha za Instagram. Ndoo ya haipo ilimwagwa kwenye sinki, na maji ya mji huu hatimaye hutafuta mto. Nilimsikia mwenzangu akiuliza itaenda wapi. Akajibiwa kwamba ni kidogo.

Kuna dawa rahisi ya hilo, na ningependa ningeijua siku ile. Unatia waya wa kusugulia sufuria, ule wa chuma unaoshika kutu, kwenye haipo iliyotumika, unauacha siku kadhaa. Chuma kinayeyuka taratibu na fedha inashuka chini kama tope jeusi. Waya hauna bei ya kumshinda mtu. Yaani jikoni kwa shosho kulikuwa na teknolojia ya mazingira kuliko ile iliyokuja na ndege, na tusianze kuhesabu ndege.

Halafu magadi. Pakiti tuliyotumia ilikuwa imetoka nchi za nje, na maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Jamani, magadi! Neno lenyewe ni jina la ziwa letu na mji wetu. Kampuni ya kuyachimba pale ilianzishwa 1911, na nchini humu watu wanatia magadi kwenye maharagwe ili yaive haraka. Mawe ya magadi kutoka sokoni Karatina hayafanyi kazi vizuri yakiwa mabichi, maana sehemu yake bado iko karibu na baking soda. Lakini ukiyaponda na kuyachoma kwenye karai kavu kwa muda, yanabadilika na kuwa yale ya kufulia hasa. Nimejaribu mara mbili na vipande vya filamu ya kawaida ya kamera. Mara ya kwanza nilipata ukungu mtupu, mara ya pili nilipata mlango wa nyumba yetu na kuku wawili.

Na kahawa yenyewe, hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Dawa hii inataka kahawa ya kopo ya bei ya chini, na afadhali iwe robusta, kwa sababu robusta ina zaidi ya zile asidi zinazotakiwa. Arabika nzuri inaosha vibaya. Nyeri tunalima arabika, SL28 na SL34, ambayo wanunuzi wa ng'ambo huionja kwa kijiko na kuitungia mashairi. Shosho anaichuma, anaipeleka kiwandani kwa ushirika, inaoshwa pale, inakaushwa, inaondoka. Kisha yeye anarudi nyumbani kunywa chai. Kwa hiyo mjini Nyeri, mlimani kwa kahawa, tulinunua supamaketi kopo la kahawa isiyokuwa yetu ili tuoshee picha ya mwanamke anayechuma kahawa asiyoinywa, kisha picha ikafuata njia ileile ya kahawa. Ningekuwa natunga hadithi mhariri angeniambia nimezidisha.

Lakini haya hayakuanza na ndoo zetu. Mwanga wa mlima huu umekuwa ukibebwa kwenye makopo kwa muda mrefu. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, binti mfalme Elizabeth alikuwa Treetops, juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare, na kamera yake ya sinema mkononi akipiga tembo wanaokuja kunywa maji. Baba yake alikufa usiku huo. Alishuka mtini akiwa malkia, akapata habari Sagana Lodge. Kila mwongozaji watalii wa hapa anaijua stori ya malkia. Mimi hufikiria mkanda uliokuwa ndani ya kamera. Mwaka 1954 wapiganaji wa msituni waliichoma Treetops ikabaki majivu, na kuhusu hao ukitaka kuona filamu, utapata ile iliyopigwa na waliokuwa wakiwawinda.

Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kulekule Tetu. Unaijua ile picha, amelala kwenye machela, nywele zimesokotana. Serikali ya kikoloni iliichapa kwenye vikaratasi zaidi ya laki moja na kuvisambaza ili walio msituni wakate tamaa. Alishtakiwa hapa Nyeri na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sasa jiulize kitu kidogo cha kiufundi. Kuna mtu alipiga hiyo picha. Kuna mtu aliingia chumba cha giza, akaosha, akakazia, akachapa. Aliyeshika negativu ndiye aliyeamua ichapwe mara ngapi, imwangukie nani, na isemeje. Miaka mingi baadaye vijana tukaigeuza fulana na bendera, na ni sawa, tumeinyang'anya maana. Lakini kilichokuwa mkononi mwetu ni nakala ya nakala.

Wakati wa kesi ya Mau Mau kule London, mwaka 2011, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa na maelfu ya mafaili ya koloni yaliyofichwa Hanslope Park. Wazee waliokuwa wakidai kuteswa walikuwa wakingoja karatasi zilizokuwa kwenye kabati la mshtakiwa. Na ukirudi nyuma zaidi, kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza, makao yake Vugiri kule Usambara, uliotengeneza filamu zipatazo 35 za milimita 16 za kuwafundisha Waafrika na kuzizungusha Afrika Mashariki. Zinazojulikana kubaki ni tatu, na ziko Uingereza. Baada ya hapo ikaja Colonial Film Unit, mwaka 1939, na mkuu wake William Sellers aliyeamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ikikatwa haraka, kwa hivyo picha zote ziende polepole. Nilimkumbuka Sellers siku ya kwanza ya warsha, tulipoelezwa mara tatu kwamba bila mwanga hakuna picha.

Sasa nije kwa Guka. Hilo si jina lake, ndivyo sisi wote humwita. Alikuwa na studio hapa mjini kwa zaidi ya miaka 30. Amepiga picha za vitambulisho, harusi, matanga, vijana wenye suruali pana mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Alikuwa akiosha mwenyewe hadi siku rangi ilipokuja na mashine zake, kisha dijitali ikaja, kisha simu. Alisikia kuhusu warsha kwa mjukuu wake, akaja siku ya pili amevaa koti. Alipewa stika ya "mshiriki" aandike jina. Alikaa nyuma. Tulipokuwa tukihangaika na kipimajoto alitumbukiza kidole kwenye ndoo, akasema, "Bado. Ongezeni maji moto kikombe." Mwalimu akatabasamu, akapima, akaongeza maji moto. Kikombe kimoja.

Hakuna aliyemwuliza swali hata moja siku mbili zote.

Nilimtembelea baadaye. Chini ya kitanda na juu ya kabati Guka ana makopo ya biskuti na maboksi ya viatu, ndani yake negativu kwenye bahasha, kila bahasha na tarehe na jina kwa kalamu. Nusu ya wazee wa mji huu wamo mle wakiwa vijana. Nikamwuliza kwa nini hakutupa. Akaniangalia kama nimemtukana. "Wewe, hizi si zangu. Hizi ni za watu. Mtu akifiwa anakuja kutafuta picha ya marehemu. Nikitupa nitamwambia nini?"

Basi nikiambiwa kwamba mikanda yetu ilibidi ichukuliwe kwa sababu huku hakuna uwezo wa kuitunza, humkumbuka mzee na makopo yake ya biskuti. Najua filamu huoza. Msingi wake wa asetati ukipata joto na unyevu huanza kunuka siki, na ukishanuka hakuna dawa ya kuurudisha. Lakini filamu huoza kwa joto, na sisi tunalala na blanketi mbili. Na hata kama yetu ingeoza, kuna tofauti kati ya picha ya shosho kuozea kwake na kutunzwa vizuri mahali ambapo yeye hawezi kuiomba.

Kuna rafiki yangu mmoja anapinga yote haya kutoka upande mwingine. Anasema filamu ni mchezo wa wenye pesa, roli zenyewe zinatoka kwa Kodak iliyofilisika 2012 ikafufuka, vijana wa hapa wana simu, wapige na simu. "Buda, unalia juu ya plastiki." Nusu yake namkubalia. Roli ni ghali, na gelatini yake ni mifupa na ngozi ya ng'ombe, kwa hivyo hata habari ya kijani tuizungumze kwa adabu. Lakini huyo rafiki amepoteza simu tatu tangu nimjue, na video zote za mazishi ya baba yake zilienda na ya pili. Kitu cha kushika mkononi bila bando na bila nywila kina kazi yake. Guka hajawahi kusahau nywila ya kopo la biskuti.

Msemo ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Sitaki wageni wasije. Waje na skana, au wabebe nakala na kutuachia negativu, au watume negativu kwa posta ikishaskaniwa. Mita 15 za filamu zinaingia kwenye bahasha. Mtu kama Guka alipwe kama mwalimu, kwa kiwango kile cha mwalimu wa kutoka mbali. Jina la aliyepigwa picha na la aliyepiga yawe kwenye filamu kabla ya nembo za wafadhili. Fomu isomwe kwa sauti, kwa lugha ya ukumbini, siku ya kwanza. Na ndoo ya haipo isiguse sinki. Sidhani kuna kitu hapo kinachohitaji ruzuku mpya.

Na sisi tuache kupiga makofi haraka. Ofisi za utamaduni za huku hufungua mlango kwa yeyote mwenye barua yenye nembo, lakini hata sisi tulipiga picha za pamoja na kasha lililobeba kazi yetu, tukiwa tumeinua vidole. Ninayo hiyo picha. Nimecheka sana ndani yake.

Agosti tutafanya yetu, watu sita, kwenye stoo ya Guka iliyokuwa chumba chake cha giza. Mlango bado unafunga vizuri. Dada wa Nanyuki ana kamera aliyoipata kwa bei ya kuomba, na roli mbili. Magadi nimeshachoma, yako kwenye chupa ya jemu. Waya wa sufuria tunao. Kahawa ya kopo Guka amesema atanunua yeye, na kwamba tukimaliza mkanda unaingia kwenye kopo lake, bahasha iandikwe tarehe na jina.

Nimemwambia shosho tutampiga tena. Ameuliza kama safari hii avae kile kitambaa cheupe au achukue kingine, na kama nitakuja nayo mwenyewe au nitamtuma mtu.